Jinsi ya kufunga cheni za tairi kwa ajili ya tope la masika: mwongozo kwa wenye gari Arusha na Moshi mnaoanza kabisa

Masika ikianza tu maswali ni yale yale. Cheni nafunga mbele au nyuma? Lazima nipige jeki? Gari yangu ni Noah, inakubali? Nikishafunga naweza kutembea nayo mpaka mjini? Nimekuwa najibu mmoja mmoja kwenye simu, sasa nimeona niandike yote mahali pamoja, soma taratibu mpaka mwisho alafu ndio ukanunue.

Wengi wetu tumezoea kuona cheni kwenye video za Ulaya na Japani, gari zinapita kwenye theluji, tunaona ni vitu vya huko. Theluji yetu iko juu Kibo na hakuna gari inayofika kule. Lakini cheni haikutengenezwa kwa theluji peke yake. Mmarekani aliyeisajili mwaka 1904, Harry Weed, alipata wazo baada ya kuona madereva wanazungushia kamba kwenye tairi ili wapite kwenye tope na theluji. Yani tope lilikuwepo kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, na malori yanayopanda vijiji vya milimani hapa nchini yanazitumia kila masika. Tofauti ni kwamba dereva wa lori ana utingo anayejua kazi, wewe mwenye RAV4 au Noah uko peke yako na mvua inakunyeshea.

Kabla ya yote shika hili moja: cheni inafungwa KABLA ya kuingia kwenye tope. Ukishazama mpaka kwenye difu, cheni haina pa kupita, utalala kwenye matope nusu saa unahangaika na hook (ndoano ya kufungia cheni) usiyoiona. Karibu shida zote ninazoulizwa zinaanzia hapo, mtu ameona tope akasema ngoja nijaribu kwanza, nikishindwa nitafunga. Usijaribu. Ukiona una wasiwasi, simama, funga, ndio uingie.

Tope lako ni la aina gani

Huku kwetu kuna udongo wa aina mbili na cheni inafanya kazi tofauti.

Juu milimani, Kibosho, Uru, Old Moshi, njia za ndani za Marangu na Rombo, na upande wa Meru kama Ilboru juu au kuelekea Ngarenanyuki, tope linateleza juu lakini ukichimba kidogo chini kuna ugumu. Hapo cheni ni dawa kabisa. Inakata ule utelezi wa juu inashika chini, gari inapanda mlima uliokuwa unairudisha nyuma kwenye mtaro.

Chini mbugani ni habari nyingine. Udongo mweusi wa Chekereni, Kahe, Simanjiro, au ukitoka barabara kuu kule Longido na Monduli chini, ukilowa unanata na unavimba, unajaza meno ya tairi mpaka tairi inakuwa kama kipara. Cheni inasaidia kwa sababu inaendelea kukwangua, lakini kama mvua imenyesha siku kadhaa na chini hakuna ugumu, cheni inageuka jembe, inachimba shimo unazama haraka kuliko usingekuwa nayo. Ushauri wangu kwenye udongo mweusi uliolowa kabisa ni kusubiri jua lipige au kuzunguka njia ndefu. Ingiza mti chini kabla ya kuamua: ukizama kiganja kimoja alafu ukagonga pagumu, nenda. Ukizama mpaka nusu ya mti, rudi.

Gari yako inakubali cheni?

Siyo zote. Cheni inaongeza unene kwenye tairi, na nyuma ya tairi kuna paipu ya breki, waya wa ABS, shokapu, na juu kuna madigadi. Zima gari, pitisha mkono nyuma ya tairi, kama vidole vitatu vikisimama wima havipiti kati ya tairi na shokapu, usifunge cheni nene hapo. Alafu kata usukani mwisho kulia na mwisho kushoto uangalie tena, kwa sababu tairi za mbele zinasogea. Kama umeweka tairi pana kuliko zilizokuja na gari au umeshusha springi, jibu mara nyingi ni hapana. Kitabu cha gari kina ukurasa unaozungumzia cheni, na hata kikiwa cha Kijapani mtafute mtu akusomee huo ukurasa mmoja, una thamani.

Sasa tairi zipi. Kanuni ni tairi zinazopokea nguvu ya injini:

- Probox, IST, Premio, Alphard za kawaida, na Noah za kuanzia mwisho wa 2001 zisizo na fowili: mbele.
- Noah ya zamani ile yenye injini chini ya siti, Hiace, Mark II, Coaster, Canter: nyuma.
- RAV4 na Forester: mara nyingi kitabu kinasema mbele. Fuata kitabu.
- Land Cruiser hardtop, Prado, Hilux: bora zote nne. Ukiwa na jozi moja tu weka nyuma, kwa sababu mzigo na abiria wako nyuma na pia nafasi ya mbele ni finyu zaidi.

Hapo kwenye jozi moja naomba unielewe vizuri. Ukifunga mbele tu, ukishuka mlima nyuma inaweza kuteleza ikakuzungukia, gari inakaa mshazari barabarani. Ukifunga nyuma tu, gari inasukuma vizuri lakini usukani unaweza kukata kona na gari ikanyoosha. Hakuna jozi moja isiyo na madhara, ni wewe kujua madhara yako ni yapi na kupunguza mwendo kabla ya kona, kabla ya mteremko.

Na kamwe usifunge tairi moja tu kwenye ekseli. Kuna watu wanafunga ile inayozunguka hovyo tu, basi, wanaona wamemaliza. Difu inapeleka nguvu upande mwingine, gari inavuta pembeni, umeingia mtaroni.

Vitu vya kuwa navyo

Cheni yenyewe kwanza. Soma ubavuni mwa tairi, utaona namba kama 195/65R15 au 265/75R16 au 7.50R16. Cheni inauzwa kwa namba hiyo hiyo, kwenye boksi au mfuko kuna orodha ya saizi. Usikubali kuambiwa hii inaingia gari zote. Ikiwa kubwa inachapa madigadi, ikiwa ndogo hook ya ndani haifiki na utakuwa umepoteza hela. Kwa tope letu chagua cheni ya ngazi, yani ile yenye nyororo mbili ndefu za pembeni na vipandio vinavyokatiza juu ya uso wa tairi. Zile nyembamba zenye umbo la almasi ni nzuri kwenye theluji na zinatembea laini, ila tope zito linaziba vile vyumba na vyuma vyake vyembamba vinakatika kwenye mawe. Ukipata za mtumba, tandaza chini uhesabu vipandio, kimoja kikikosekana pale katikati kuna pengo litakalokuteleza kila mzunguko. Angalia pia uso wa vyuma: kama kimelika mpaka nusu ya unene wake, acha.

Wapo wanaochongesha cheni kwa mafundi wa kuchomelea, Unga Limited au gereji za Moshi mjini. Inawezekana, ila chuma cha kawaida cha kufungia geti kinanyooka au kukatika, na mahali palipochomelewa vibaya ndio panapoachia ukiwa mlimani. Ukichongesha, peleka tairi lenyewe wapime, usipeleke namba ya kuandika kwenye karatasi.

Vingine:

- Turubai dogo au gunia mbili za kulalia na kutandazia cheni
- Glovu ngumu za mpira
- Tochi ya kuvaa kichwani (tope halichagui saa)
- Plaizi, na waya wa kufungia nondo kama mita mbili
- Vipande vya kuunganishia cheni ikikatika, vile vya kufunga kwa nati, vinne vinatosha
- Mipira ya kufungia mizigo kama ya bodaboda, minne
- Sepeto au jembe
- Ubao mnene wa kuwekea jeki
- Jiwe mbili au vigingi vya kuzuia tairi
- Maji lita tano ya kunawia na kusafishia hook

Ufunguo wa kukazia, kama cheni yako ni ya kukaza kwa ufunguo, ufunge kwa kamba kwenye mfuko wa cheni. Ukipotea huo hata bisibisi haitakusaidia vizuri.

Fanya mazoezi nyumbani, pakavu, mchana

Siyo hiari hii. Chukua saa moja Jumapili, funga na fungua mpaka mikono izoee bila kuangalia. Hapo ndipo utagundua kama saizi si yenyewe, kama hook ya ndani iko upande usiotegemea, kama vipandio viko kinyume. Pima na muda. Ukiweza kufunga jozi kwa dakika kumi na tano pakavu, kwenye mvua utatumia karibu nusu saa, na hiyo ni sawa.

Hatua za kufunga

1. Simama mahali pagumu na tambarare kabla tope halijaanza. Usisimame kwenye kona wala kwenye mteremko. Vuta hendibreki, weka gia ya kwanza (au P kama ni otomatiki), washa hazadi, zuia tairi ambazo huzifungi kwa mawe. Abiria washuke wasimame upande wa mlima, wasikae upande wa korongo.

2. Tandaza cheni kwenye turubai pembeni ya tairi. Nyoosha kipandio kimoja kimoja kwa mkono. Cheni iliyojinyonga hata kidogo itakata tairi au itakatika yenyewe, na ukishaifunga huwezi kuinyoosha tena bila kuanza upya. Watu wanakimbilia hatua ya nne kwa sababu mvua inanyesha, alafu wanarudi hapa hapa.

3. Tambua upande wa kugusa tairi. Kila kipandio kinashikwa na vikucha kwenye nyororo za pembeni, na vikucha hivyo vina ncha zilizo wazi. Ncha ZIELEKEE NJE, mbali na mpira. Upande laini ndio unalala kwenye tairi. Ukikosea hapa, baada ya kilomita chache ubavu wa tairi umechanika, na tairi iliyochanika ubavuni hakuna fundi wa pancha atakayekuponya. Angalia pia kifaa cha kukazia kiko upande wako wa nje.

4. Vika cheni juu ya tairi kama unavyomvika mtu blanketi mabegani, nyororo moja iangukie ndani nyingine nje, na vipandio vilale sawa juu ya uso wa tairi. Ingiza mkono nyuma uhakikishe nyororo ya ndani haijalala juu ya paipu ya breki.

5. Upande ambao gari itaelekea, sukuma kipandio kimoja au viwili vya mwisho viingie chini ya tairi kadiri vinavyoweza. Kama kuna shimo, jaza udongo kwanza vilale sawasawa.

6. Rudia tairi la pili. Usisogeze gari mpaka tairi zote mbili zimevikwa.

7. Sogeza gari taratibu kama nusu mita ili tairi ipande juu ya ule mwisho ulioingiza chini. Anayeendesha aende kwa kuachia klachi tu bila mafuta. Anayeongoza asimame mbele pembeni, aonekane kwenye kioo, na asiwe na mkono wake kwenye cheni. Hii naisema kwa msisitizo kwa sababu ni kawaida mtu kushika cheni isianguke wakati gari inatembea. Ikianguka, ianguke, utavika tena. Vidole havivikwi tena.

8. Hendibreki tena, mawe tena. Sasa miisho miwili ya cheni inakutana nyuma ya tairi, usawa wa katikati. Anza na HOOK YA NDANI. Lala kwenye gunia, ingiza mkono, vuta miisho yote miwili ikutane, ingiza hook kwenye tundu la mbali zaidi unaloweza kufikia. Hook ya ndani ikikaa legelege hakuna kitakachoiponya kule nje.

9. Rudi nje, funga hook ya nje, vuta kwa nguvu. Hesabu matundu yaliyobaki kwenye tairi la kulia na la kushoto, yalingane au yatofautiane kwa moja tu. Kama ni ya ufunguo, zungusha vile vifaa vya kukazia kimoja kimoja, usimalize kimoja kabla ya kugusa kingine, ili cheni ikae katikati.

10. Mkia unaobaki ufunge kwa waya kwenye nyororo ya nje. Usiuache unaning'inia hata kama ni mfupi, ukizunguka unachapa madigadi na unaweza kukata waya wa ABS. Alafu pitisha mipira ya bodaboda upande wa nje, kutoka nyororo mpaka nyororo kukatiza juu ya rimu, ivute cheni kuelekea katikati. Mipira ni msaada wa kubana tu, haichukui nafasi ya hook.

11. Tembea mita 50 mpaka 100, simama, kaza tena. Lazima. Cheni inajipanga ikizunguka na inalegea, hook ya ndani mara nyingi inakubali tundu moja zaidi au mawili. Ikikaa vizuri, ukiivuta kwa kidole juu ya tairi inanyanyuka kidogo sana. Ikinyanyuka ukaweza kuingiza kiganja, bado.

12. Baada ya kilomita moja hivi, simama kwa mara nyingine uangalie kwa tochi. Kisha kila ukipita sehemu mbaya sana.

Swali la jeki: hapana, hailazimiki. Njia ya hapo juu inafanya kazi bila jeki. Ukiamua kupiga jeki tumia ule ubao mnene, kwa sababu kwenye udongo uliolowa jeki inazama au inainama, na usiingize kichwa wala mwili chini ya gari iliyoning'inia kwenye jeki peke yake.

Swali la upepo: usishushe. Najua kwenye tope watu wanashusha upepo ili tairi ipanuke, na bila cheni ni mbinu nzuri. Lakini tairi laini ikiwa ndani ya cheni, cheni inalegea, tairi inazunguka ndani yake na ubavu unasagika. Chagua moja.

Kuendesha ukiwa na cheni

Watengenezaji wengi wanasema usizidi kilomita 50 kwa saa, na hiyo wanazungumzia theluji iliyolala vizuri. Kwenye barabara zetu za mawe na mashimo, 20 inatosha, 30 ni nyingi. Weka gia ndogo kabla ya kuingia kwenye tope, gia ya pili kwenye heavy (fowili ya nguvu, 4L) kwa wenye hardtop, na uendelee na mwendo ule ule bila kukanyaga na kuachia. Ukishuka mlima acha injini ikushike, breki gusa kidogo kidogo.

Tairi ikianza kuzunguka bila gari kusogea, ACHIA MAFUTA. Hapo ndipo cheni zinapokatika, na ndipo unapochimba kaburi la gari. Rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, safisha njia kwa sepeto, jaribu tena.

Kuna hili la kwetu kabisa. Gari ikikwama kijijini vijana wanajitokeza kusukuma, wanajipanga nyuma na pembeni. Ukiwa na cheni, usiruhusu mtu asimame nyuma ya tairi lenye cheni wala ubavuni mwake. Cheni inarusha mawe kwa nguvu, na kikikatika kipande cha chuma kinaruka. Washukuru, waombe wasogee, kama kuna kusukuma basi ni kwenye bodi upande ambao hauko kwenye mstari wa tairi hizo. Watoto ndio wanapenda kusogea kuangalia, mwambie mtu mzima mmoja awatoe kabla hujawasha.

Lami ni marufuku. Ukifika lami au changarawe kavu ngumu, simama utoe. Kilomita mbili tatu za kukata pale Kiboriloni mpaka mjini zinatosha kula vipandio, kuharibu tairi, na kukwangua barabara ambayo tuliililia miaka. Pia kwenye lami cheni inateleza kuliko mpira, breki yako inakuwa ndefu. Kama njia yako ina vipande vya lami na tope vinavyopishana, basi hesabu kama kweli safari hiyo ni ya leo.

Na wale wa safari mnaopeleka wageni: cheni haikupi ruhusa ya kutoka nje ya barabara ndani ya hifadhi. Inaacha mfereji unaokaa msimu mzima.

Kutoa

Rahisi kuliko kufunga. Simama pagumu, tairi zikiwa zimenyooka, fungua mipira, hook ya nje, kisha ya ndani, ilaze cheni chini yote, sogeza gari itoke juu yake. Usiivute ikiwa imekaliwa na tairi. Angalia haijabaki imening'inia kwenye ekseli kabla ya kuondoka.

Ikileta shida

*Inagonga tak-tak-tak kwenye madigadi.* Simama hapo hapo. Ni mkia umefunguka, au cheni imelegea, au kipandio kimekatika upande mmoja. Kama ni kipandio, unganisha kwa kile kipande cha nati, na usipokuwa nacho kifunge kwa waya mara nyingi kwenye kipandio cha jirani, tembea mwendo wa mtu kwa miguu mpaka pagumu, uitoe.

*Cheni imehama, yote imeangukia ndani.* Hook ya ndani ilikaza zaidi ya ya nje, au saizi ni kubwa. Usijaribu kuivuta kwa kuendesha, inaweza kujiviringisha kwenye ekseli na kukata paipu ya breki. Itoe kabisa, anza hatua ya pili. Ukishaitoa, kanyaga breki mara kadhaa gari ikiwa imesimama. Pedali ikizama mpaka chini, gari hiyo haitembei tena, ita fundi.

*Hook ya ndani haifiki.* Mara nyingi cheni haijakaa katikati, au kipandio kimoja kimekaliwa na tairi vibaya. Sogeza gari kidogo tena, nyoosha, jaribu. Kama nyumbani pakavu pia haifiki, ni saizi, hakuna mbinu.

*Usukani unatetemeka.* Kidogo ni kawaida. Ukitetemeka sana au ukivuta upande mmoja, linganisha matundu ya kulia na kushoto.

*Udongo mweusi umejaa kati ya tairi na madigadi mpaka tairi haizunguki.* Zima gari, chokonoa kwa mti au sepeto, usilazimishe kwa mafuta. Ikijaa tena baada ya mita ishirini, huo ndio ujumbe wa kurudi.

*Taa ya ABS imewaka.* Inaweza kuwaka kwa sababu tairi zinazunguka tofauti, ikazima yenyewe tairi zikirudi sawa. Ikibaki baada ya kutoa cheni, angalia waya nyuma ya tairi kama umekwanguliwa.

*Sina cheni na nimefika kwenye tope.* Kwa umbali mfupi sana watu wanapitisha kamba nene ya katani kwenye matundu ya rimu za chuma na kuzungushia tairi, mafundo yakiwa kwenye uso. Inasaidia mita chache za kupanda. Angalia isiguse breki kwa ndani, usizidi mwendo wa kutembea, na ukipita tu ikate uitoe, kwa sababu kamba ikisagika inaingia kwenye breki. Kwa rimu za alumini zenye matundu madogo usijaribu.

Kutunza

Zioshe siku hiyo hiyo, tope la mbugani likikauka linakuwa kama sementi ndani ya kila pete. Zianike juani, zipake oili kidogo, kagua kila kipandio na kila kikucha, na kilicholika kibadilishe sasa hivi, usisubiri Machi. Zitundike kwenye msumari au zikunje kwenye mfuko wake nyororo za ndani zikiwa pamoja na za nje pamoja, ufunguo na vipande vya nati humo humo, ili ukizitoa zitoke zimenyooka. Ukizitumia kwenye vuli, kagua tena Februari, na ufanye lile zoezi la Jumapili upya hata kama unajua, hasa kama umebadilisha tairi.